Amla kwenye Karai la Ramsurat

Ijumaa, 25 Oktoba

Mwaka wa pili sasa tangu nitoke nyumbani. Nilitoka mwezi wa Kartik, baridi ikianza kuuma asubuhi, na mama akanifungia amla za chumvi, yale matunda yetu machachu, kwenye kitambaa nile kwenye treni. Zilikwisha kabla hatujafika Prayagraj. Nilimwambia nitarudi mavuno yajayo. Nikikumbuka nacheka peke yangu.

Hapa Morbi, kwa Wagujarati, tunachoma vigae. Mimi niko mdomoni mwa tanuri, upande wa kupokea. Mtu akitoka zamu, vumbi la udongo limemjaa hadi kwenye kope, kichwa cheupe kama babu. Sote tuna mvi hapa. Mvi za kweli anazo Mansukhbhai, msimamizi wetu. Huyo ndiye mwenye ruhusa za watu mkononi.

Leo mama amepiga kwa simu ya Girja, mdogo wangu. Hakuuliza habari za kazi. Aliuliza kama mwaka huu nitakuwepo siku ya tisa ya mwezi mchanga, siku ya kupika na kula chini ya mti wa amla. Mti wetu aliupanda baba. Mama akasema mwaka jana aliniwekea chakula changu kwenye jani, pembeni yake, kikapoa, mwisho akampa ng'ombe. Nikamjibu kwamba nakuja. Nilijibu kwa sauti ya mtu mwenye tiketi mfukoni. Sijui ilitoka wapi sauti hiyo.

Tanuri letu linaweza kumwachia mtu mmoja tu baada ya Diwali, sikukuu ya taa. Tunaotaka tuko wawili. Wa pili ni Ramsurat wa Deoria, tunalala chumba kimoja, miguu yake kwenye kichwa changu. Anataka kwenda kwa ajili ya ibada ya Chhath, mke wake anafunga na kusimama mtoni kulisalimu jua. Sawa. Lakini yeye alikwenda sikukuu ya Holi, mwezi wa tatu. Mimi sikwenda Holi wala popote. Shida ni kwamba Ramsurat hucheka utani wote wa Mansukhbhai, hata ule wa kuwatukana watu wa Deoria.

Mimi nina mpango bora kuliko kucheka. Mansukhbhai ana kiungulia. Anaanza kubeua kabla ya chai, mkono kifuani, uso kama mtu aliyemeza makaa. Na dawa ya kiungulia naijua tangu sina meno. Maji ya amla. Mtu akimponya, atamnyima nini?

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimekwenda sokoni baada ya zamu. Amla zipo, ndogo, zimekunjamana. Mama muuzaji akasema zimetoka Anand, ni bora kuliko zote. Nikamwambia mimi ni mtu wa Pratapgarh, kwenye mashamba ya amla, asinifundishe amla. Akasema basi rudi Pratapgarh ukanunue huko. Watu wakacheka. Nikanunua.

Nimenunua pia tangawizi, chumvi nyeusi na bizari nyembamba. Kitu cha kukunia sina. Nilifikiri kumpigia mama anieleze vizuri, nikaona aibu. Nimekaa ubavuni mwake misimu yote ile, niulize nini? Ninamwona hata sasa. Ameketi uani jua likiwa jepesi, kikunio kati ya nyayo zake, mikono yake inanuka uchachu. Anaweka amla zile zilizokunwa kwenye kipande cha sari ya zamani, sari ya njano iliyolainika kwa kufuliwa, anakunja, anakamua. Maji yanatoka ya kijani. Tunakunywa tukikunja nyuso, halafu anatupa maji ya kisima. Na maji yanakuwa matamu. Ukishaonja amla, maji yoyote yanakuwa matamu. Mama alikuwa akituambia kwamba leo kisima kimefurahi. Nilimwamini mpaka nikaota ndevu.

Ramsurat kaniuliza naosha nini kwenye ndoo. Nikasema nafanya achari. Akauliza, kaka Phulchand, achari siku hizi inafanywa umewapa watu mgongo?

Jumapili, 27 Oktoba

Siku ya mapumziko. Siku ya ushindi, nilidhani.

Nimegundua kikunio. Kigae kilichovunjika, ukikigeuza mgongo wake una mikwaruzo mizuri. Nilikuna amla zote, na vidole viwili. Kitambaa sikuwa nacho, nikachukua fulana ya Ramsurat. Ile safi. Yeye alikuwa bombani. Maji yakatoka ya kijani kama ngano changa, yenye mchanga kidogo tu. Nikatia tangawizi, chumvi, bizari niliyokaanga. Nikaonja. Macho yakafumba yenyewe. Yalikuwa yale yale.

Nikavaa shati la Diwali kabla ya Diwali, nikaenda na chupa nyumbani kwa Mansukhbhai, nyuma ya mizani ya malori. Mke wake, Manjulaben, ndiye aliyefungua. Nikamweleza kwa adabu zote. Maji ya amla, mama yangu hufanya, kiungulia kitakimbia, mzee anywe sasa hivi akiwa hajala.

Akaniangalia. Akauliza leo ni siku gani.

Nikasema Jumapili, mama.

Akauliza kama kwetu Pratapgarh hatuna mama waliotulea. Amla Jumapili! Wiki ya Diwali, nyumba inaoshwa ili bahati iingie, na mimi nimekuja na chupa ya kuifukuza mlangoni. Mansukhbhai naye akatokea nyuma yake akibeua, akasema, Phulchand, una ugomvi gani na nyumba yangu?

Nikaificha chupa nyuma ya mgongo. Kwa sababu nilijua. Kila mtoto wa kwetu anajua, amla haigusi ulimi Jumapili. Mama alikuwa akificha kapu siku hiyo, na sisi tulikuwa tukilitafuta. Lakini miaka hii ya tanuri, Jumapili ndiyo siku pekee mtu anaweza kufanya jambo lolote. Kufua, kunyoa, kulia, kupiga simu. Nyumbani Jumapili ilikuwa siku isiyo na amla. Hapa imekuwa siku yenye kila kitu.

Niliporudi, Ramsurat alikuwa amekwisha kusikia. Sijui habari zinapita bomba gani. Tena alikuwa ameshika fulana yake, ya kijani.

Jumatatu, 28 Oktoba

Kiwandani wananiita Jumapili. Kuleni, Jumapili amekuja. Sogeza toroli, Jumapili. Hata dereva wa lori.

Ramsurat anacheka utani wa Mansukhbhai tu, kwa bidii zaidi.

Maji ya amla yamegeuka rangi, yananuka. Nimeyanywa yote mwenyewe. Isiwe hasara. Tumbo limenifanyia vurugu zamu nzima.

Jumatano, 30 Oktoba

Sijakata tamaa. Nimekosea siku tu, dawa haina kosa. Na siku njema inakuja. Jumamosi ni mwaka mpya wa Wagujarati, watu wote wanakwenda kuwasalimu wakubwa wao. Hakuna atakayemfukuza mgeni siku hiyo.

Tena nimekumbuka kitu nilichokosea mara ya kwanza. Karai! Mama alikuwa na karai jeusi la chuma, zito, la bibi yake. Alikuwa anatia amla humo, anafunika, anaacha mpaka kesho yake. Nilikuwa naambiwa nisifunue. Hiyo ndiyo siri yenyewe, ndiyo maana dawa yangu ya Jumapili haikuwa na nguvu.

Ramsurat ana karai la chuma. Ndilo tunalokaangia kila kitu chumbani. Nimeliazima bila kumsumbua kwa kumwomba. Amla zimo ndani, zimefunikwa kwa gunia, chini ya kitanda changu. Jioni tumekula mkate na kitunguu. Ramsurat alitafuta karai kila mahali, akasema labda limekwenda nyumbani Diwali kabla yetu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Diwali. Nimefunua.

Nyeusi. Hakuna kijani hata tone. Nyeusi kama mafuta machafu ya mashine. Nimeingiza kidole, kikatoka kama kidole cha mtu mwingine. Nimekisugua kwa majivu, kwa sabuni, kwa mchanga. Bado.

Nimekamua hivyo hivyo, kwa soksi, nimejaza chupa, nimekaa nikiitazama. Haiwezi kupelekwa kwa mtu mwenye macho. Mama alifanyaje? Labda alikuwa anasema maneno fulani akifunika.

Nje wanawasha taa kwenye ukuta wa kiwanda, vibakuli vya udongo tulivyochoma wenyewe pembeni ya tanuri. Kwetu sasa hivi Girja anaweka taa moja chini ya mti wa amla. Huwa tunauwekea na mti. Nilitaka kupiga simu nikaogopa ataniuliza habari za tiketi.

Ijumaa, 1 Novemba

Akili yangu ikibanwa ndiyo inafanya kazi.

Ramsurat ni mwizi wa mawazo. Mwaka jana nilibuni kumpelekea Mansukhbhai embe la kwanza la msimu, akanitangulia. Basi nimemtegea. Asubuhi nimeiweka chupa dirishani, mahali pa wazi, nikajifanya naongea na simu. Nikasema kwa sauti, ndiyo mama, imekuwa nyeusi, ndiyo, ile yenye nguvu kabisa, ya kiungulia cha miaka mingi, ndiyo, kesho nampelekea jioni, nikishalala kidogo.

Simu ilikuwa imezimwa.

Ramsurat alikuwa anachana nywele. Kitana kikasimama kichwani.

Acha aibe. Ampelekee msimamizi chupa ya lami siku ya mwaka mpya. Mansukhbhai akishabaki na ulimi mweusi na meno meusi mbele ya wageni, tutaona nani atakwenda nyumbani na nani atavuta toroli. Ruhusa itabaki na mtu mmoja. Tena kidogo nimemwonea huruma Ramsurat. Kidogo.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimejilaza, nimejikoromesha. Nimesikia mlango. Nimefungua jicho moja. Chupa haipo.

Sijapata usingizi mtamu hivi tangu Pratapgarh.

Jumapili, 3 Novemba



Ramsurat amepewa ruhusa. Anaondoka kesho.

Amenisimulia mwenyewe, ameketi kwenye kitanda changu, machozi ya kicheko yanamtoka. Anasema alifika, akainama, akasema ameleta dawa ya kiungulia ya bibi yake. Bibi yake! Mansukhbhai akamimina kwenye kikombe, akakipeleka mdomoni. Manjulaben akamshika mkono. Akanusa. Akachovya kidole. Halafu akacheka, akasema, wee mtoto wa Deoria, una haya wewe, unaona aibu kumwambia mzee kwamba amezeeka? Hii si dawa ya kunywa, hii ni ya nywele. Nyanya yake Manjulaben kijijini alikuwa akiipika kwenye chuma vivyo hivyo, na alikufa na nywele nyeusi.

Nikamuuliza Ramsurat alijibu nini. Akasema, kaka, mtu akikufungulia mlango utaingilia dirishani? Nilisema ndiyo, mama, niliona haya.

Wakampaka siku ile ile. Leo nimemwona Mansukhbhai kwa macho yangu akipita kwenye ua wa kiwanda. Nyeusi. Masikio pia meusi, na mstari mmoja kwenye paji la uso, lakini anatembea kama bwana harusi anayemsubiri farasi. Anapita mbele ya kila kioo cha lori. Hata hakubeua. Ukimfanya mtu kijana, anasahau tumbo.

Jumatatu, 4 Novemba

Ramsurat ameondoka. Alifunga mzigo wake, juu kabisa akaweka karai. Nikasema karai linakwenda wapi, tutakaangia nini. Akasema mke wake amelitaka, Chhath haipikwi kwenye vyombo vya watu. Kisha akaniambia kwamba treni yake inapita Prayagraj, na akishuka pale anaweza kumtafuta mtu wa kwetu wa kupeleka kitu kwa mama. Nina cha kutuma?

Nilikuwa nimenuna. Nikasema sina.

Alipofika getini nikamkimbilia. Nilimpa ile sari niliyonunua wakati wa mvua, ya njano, ambayo nilitaka kuipeleka mwenyewe. Akaiweka ndani ya karai na kufunika juu na fulana yake yenye madoa ya kijani. Akasema, Jumapili, usiwe na wasiwasi, itafika.

Jumapili, 10 Novemba

Siku ya tisa. Siku ya mti.

Nimepiga simu mchana, nikijua watakuwa wamekaa. Nilisikia sufuria, nilisikia watoto wa Girja wakigombania kivuli. Mama amesema wameufunga mti uzi mwekundu, wamepika vikate vya puri na maboga, na moshi umewatoa machozi kama kawaida. Mti umezaa mpaka matawi yameinama juu ya chakula. Sari imefika. Ameivaa. Akasema si laini, lakini italainika.

Nikamwambia sitakuja, mama. Akasema anajua, mtu anayekuja hapigi simu mchana.

Halafu akasema nisihuzunike sana, kwa sababu mwaka huu siku ya tisa imeangukia Jumapili. Wamekula chini ya mti, lakini amla yenyewe hakuna aliyeigusa. Zinaning'inia puani mwao na hawali. Watoto wamelia. Nilicheka mpaka watu wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Ningesafiri siku mbili ndani ya treni nikae chini ya mti nitazame.

Nikaona hapo hapo nimuulize habari za karai. Nikamsimulia yote, isipokuwa ya kutega. Mama hakucheka. Alipumua tu, akasema, mwanangu, lile karai halikuwa la kunywa. Chuma kinaifanya amla kuwa nyeusi. Ilikuwa ya nywele zangu. Baba yako alipokuwa Bombay, kila alipoandika anakuja nilikuwa naloweka, asije akanikuta nimezeeka. Ya kunywa nilikuwa nakamulia kwenye chungu, na wewe ulikuwa unakunywa na kukimbia. Karai ulilikumbuka kwa sababu ulikatazwa kulifunua.

Nikauliza kama baba alikuwa anakuja kila alipoandika.

Akasema chakula kinapoa, akakata.

Jumatatu, 11 Novemba

Zilikuwa zimebaki amla mbili kwenye mfuko, zimenyauka. Leo si Jumapili. Nimekula moja mlangoni mwa tanuri wakati wa chai, nikakunja uso, kisha nikanywa maji ya bomba. Maji ya hapa yana chumvi, hata chai inakuwa kama machozi. Yalikuwa matamu. Nilisimama pale na kikombe, wakawa wananiita, Jumapili, vigae vinarundikana.

Ya pili nimeiweka.

Ijumaa, 15 Novemba

Mambo yamegeuka.

Mansukhbhai ameniita pembeni. Nywele zimeanza kufifia, zimekuwa rangi ya kutu, na mwanzoni mwake mvi zinachungulia. Kuna harusi ya mpwa wake. Ramsurat hayupo, hatarudi mpaka mwezi ujao. Akauliza kwa sauti ya chini kama mimi, nikiwa mtu wa sehemu za amla, ninajua kutengeneza ile ya Ramsurat.

Nikamwambia Ramsurat aliyajulia wapi? Yeye ni mtu wa miwa. Nikamwambia nitamfanyia safi kuliko ile, isiyo na madoa masikioni. Akasema nikifanya vizuri, atanikumbuka watu watakapogawiwa ruhusa ya Holi. Akanishika bega. Hajawahi kunishika bega.

Jumapili, 17 Novemba

Siku ya mapumziko, kwa hiyo kazi imefanyika vizuri, bila haraka.

Safari hii sikubahatisha. Mama alisema chuma ndicho kinachoharibu amla, basi chuma sikigusi tena maisha yangu yote. Nimenunua sufuria mpya ya stili, inang'aa mpaka najiona ndani yake. Amla nimezichagua moja moja, nikazungumza vizuri na mama muuzaji, akaniongezea. Nimeziloweka tangu jana, nimefunika, sijafunua hata mara moja, ingawa nilitamani.

Leo nimefunua. Maji ni masafi, ya kijani kibichi, hayana doa jeusi hata moja. Nikifikiria ile lami ya Ramsurat naona aibu kwa niaba yake. Nimeyachuja kwa kitambaa kipya na kuyajaza chupa mbili. Kwa kuwa Mansukhbhai ana kiungulia pia, nitamwambia ajipake nusu na nusu anywe hapo hapo mbele yangu, ili aone faida pande zote mbili.

Navaa shati sasa. Nimempigia Girja amwambie mama atengeneze kile kitanda changu cha kamba, mguu mmoja ulikuwa umelegea. Na akiloweka amla kwenye karai lake, aloweke mapema.

Holi niko nyumbani.